Noti za elfu thelathini, au saa ya mkononi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne nikiwa na C ya Baiolojia na D za Kemia na Fizikia. Nimeomba chuo cha utabibu, nasubiri majibu. Marehemu babu alikuwa mganga msaidizi wa kijiji enzi zake na hapa nyumbani wote wanataka nifuate nyayo. Rafiki yangu anayesoma mwaka wa kwanza ananiuzia noti zake zote kwa elfu thelathini. Ninunue? Kama siyo, nisome nini nisije nikaachwa nyuma? – Kijana wa Kondoa

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo noti achana nazo. Kanunue saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, inayobaki weka nauli ya kwendea chuo.

Kila mwaka napokea wanafunzi waliokwisha kumeza noti kabla hata ya kuripoti. Atakutajia mishipa 12 ya fahamu ya kichwa bila kukosea mpangilio. Mwambie sasa: mtoto huyu ana kilo 12, mpe parasetamo. Anamtazama mwenzake. Na hesabu yenyewe ni ya uwiano, aliifanya shule ya msingi. Dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, kwa hiyo 15 mara 12 ni miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika kila mililita 5. Gawa 180 kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Fanya hesabu ya namna hiyo kila siku, ukibadilisha uzito na chupa, mpaka isikutoe jasho. Wodini hakuna atakayekusubiri utafute kalamu.

Ukishaizoea, nenda kwenye dripu. Daktari ameandika lita moja iishe kwa saa 8, na mpira wa dripu ulio nao unatoa matone 20 kwa kila mililita. Lita ni mililita 1,000, basi matone ni 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata takriban matone 42 kwa dakika. Sasa unasimama kando ya kitanda, jicho moja kwenye tone na jingine kwenye saa, unakaza na kulegeza kigurudumu mpaka matone yakubaliane na hesabu. Umeona kwa nini nilianza na saa.

Saa hiyo hiyo ianze kazi nyumbani. Kwenu hakosi mtoto mchanga, au kwa jirani. Muombe mama yake ukae hapo mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, nguo imepandishwa kidogo uone kifua na tumbo. Hesabu pumzi zake dakika nzima. Wanafunzi wangu wengi huhesabu nusu dakika kisha wanazidisha kwa mbili, nami nawarudisha waanze upya, kwa sababu pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo mmoja: anavuta haraka haraka, anatulia kidogo, anaanza tena. Nusu dakika inaweza kukupa namba ya uongo. Na mipaka yake uijue kama jina lako. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 na kuendelea kwa dakika ni za haraka mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Kwa mtoto anayekohoa, kwenye zahanati isiyo na eksirei, hiyo hesabu ndiyo inayomfanya tabibu afikirie nimonia.

Kemia yako ya D isikutie unyonge, ila irudie, safari hii ukitafuta sababu. Chukua pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, usome nyuma: kuna chumvi, glukosi, kloridi ya potasiamu na sitreti. Wengi wanadhani glukosi imewekwa ili mtoto apate nguvu au dawa inyweke. Kazi yake kubwa iko kwenye utumbo mwembamba: glukosi na sodiamu hupokelewa kwa pamoja kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Ndiyo maana mtoto anaharisha na bado maji yanaingia mwilini. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza chumvi na glukosi kwenye mchanganyiko huo, kwa sababu ukiwa mkali kupita kiasi unaweza kuzidisha kuharisha. Mtu aliyeelewa hapo hawezi kumwambia mama achanganye pakiti ya lita moja kwenye nusu lita "ikolee". Pakiti moja, lita moja. Ukitaka kupanua zaidi, jiulize kwa nini dripu ya chumvi ni gramu 9 kwa lita na siyo 20, kisha fungua daftari lako la sekondari kwenye osmosisi.

Fizikia pitia mgandamizo, utaukuta kwenye mashine ya presha. Baiolojia soma moyo, mapafu, figo na ini. Mifupa 206 itakungoja chuoni. Kiingereza usikidharau. Mwalimu atafundisha kwa Kiingereza na mtihani utakuja kwa Kiingereza, wakati mgonjwa atakueleza kwa Kiswahili, na akizidiwa na maumivu atahamia Kirangi.

Babu yako na wenzake wengi walifanya kazi bila maabara. Waliangalia kiganja cha mtoto wakikilinganisha na cha mama yake, kama kimepauka. Walifinya ngozi ya tumbo wakaiachia, waone inarudi upesi au inasuasua. Vipimo hivyo havijastaafu.

SWALI: Nina F ya Fizikia lakini Baiolojia na Kemia nimepata C. Kuna chuo kimenipigia simu kinasema nilipe ada, hilo la Fizikia watalishughulikia. – Msomaji, Nzega

JIBU: Usilipe. Sifa za kuingia utabibu ni ufaulu wa angalau D kwenye masomo manne yasiyo ya dini, na Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo. Chuo hakina uwezo wa kukusamehe, kwa kuwa majina ya wanafunzi huhakikiwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Jiandikishe NECTA, Baraza la Mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie Fizikia.

SWALI: Nikiona damu naishiwa nguvu, niliwahi kuanguka. Utabibu nitauweza kweli? – Binti wa Tanga

JIBU: Utauweza. Kinachokuangusha ni mapigo ya moyo kupungua na presha kushuka ghafla. Woga wa moyoni ni kitu kingine. Usiende wodini bila kunywa chai. Ukihisi masikio yanavuma na jasho jembamba linatoka, kaza misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde kadhaa, achia, rudia. Ikizidi, kaa chini, palepale sakafuni. Hakuna mkuu wa wodi wa maana atakayekucheka, na wanaume ndio ninaowadaka wengi.

SWALI: Mwanangu yuko likizo ya mwaka wa kwanza wa utabibu. Majirani wanamletea watoto awachome sindano, na yeye anaona sifa. Nimzuie? – Mama wa Masasi

JIBU: Mzuie leo hii, dada yangu. Hana leseni, na anachojua mpaka sasa ni kushika bomba la sindano, hajui ni nani wa kuchomwa na nani si wa kuchomwa. Hao majirani wanaomsifu, mtoto akipooza mguu kwa sindano iliyogusa mshipa wa fahamu, watakuwa wa kwanza kumtaja polisi. Tena muulize sindano zilizotumika anatupa wapi, maana kwenu sidhani kama kuna boksi la usalama.

Kazi anayoiweza ipo. Akiletewa mtoto anayeharisha, amfundishe mama kuchanganya ORS na ampeleke zahanati akapewe zinki. Akiletewa mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki, asikae kumpima. Aite bodaboda, na yeye mwenyewe apande nao mpaka kituo cha afya.