Kwa mnaoanza kusoma magazeti ya vijembe: kalenda kwanza

Kila mwaka nikiwapa wanafunzi wapya El Diablo Cojuelo, gazeti la Havana, wengi hulipitia haraka kisha huuliza kichekesho kiko wapi. Ushauri wangu ni huu: kabla hujasoma mstari hata mmoja, panga tarehe.

Oktoba 1868 Wakuba walianza vita vya uhuru dhidi ya Hispania iliyowatawala, na Yara, mji wa mashariki mwa Kuba, likawa jina la uasi. Tarehe 9 Januari 1869 Gavana Domingo Dulce akatangaza uhuru wa kuchapisha, akitumaini kutuliza mambo. Tarehe 19 gazeti likatoka. Mhariri alikuwa Fermín Valdés Domínguez, na pamoja naye aliandika José Martí, shujaa wa baadaye wa uhuru wa Kuba, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 16. Siku tatu baadaye Voluntarios, wanamgambo watiifu kwa Hispania, wakamimina risasi kwenye Teatro Villanueva, ukumbi wa maigizo wa Havana. Toleo la pili halikuonekana.

Sasa rudini kwenye maandishi. Kijana Martí anausifia uhuru huo wa kuchapisha kwa kejeli: unakuruhusu kuropoka lolote upendalo, ila lile linalochoma, tena unakuruhusu kufikishwa mahakamani, na kutoka huko kutumbukizwa Morro, kwa ulichosema au ulichotaka kusema. Morro ni ngome ya mlangoni mwa bandari, iliyokuwa pia gereza, na wasomaji wa Havana hawakuhitaji kuambiwa watu hupelekwa huko kufanya nini. Mimi hayo maneno ya mwisho ndiyo huniacha hoi: dola inayokuadhibu kwa neno ambalo bado liko kooni. Halafu, katikati ya utani, anakuwekea chaguo: ama Yara ama Madrid. Hapo hatanii tena.

Jihadharini pia na Martí wa kwenye sanamu. Karibu kila mwaka nasoma insha inayodai gazeti hili ndilo lililompeleka jela. Siyo kweli. Alikamatwa Oktoba mwaka huohuo kwa sababu ya barua, iliyokutwa nyumbani kwa kina Fermín, ya kumsuta mwanafunzi mwenzao aliyejiunga na jeshi la Hispania. Mwaka 1870 akahukumiwa miaka 6 ya kazi ngumu. Gazeti na barua ni mafaili mawili. Msiyachanganye, hata kama hadithi inanoga zaidi yakiwa moja.

Mkimaliza, chukueni La Patria Libre la tarehe 23 Januari. Nalo lilitoka mara moja tu, na humo mtakuta Abdala, tamthilia ya kishairi ya Martí inayotokea Nubia.