Mkopo wa kusaidia bajeti hauna mradi

Umeuliza dola bilioni 1.2 ambazo Benki ya Dunia iliidhinishia Kenya Mei 2024 zilijenga nini. Mkopo wa aina hiyo haujengi kitu, hata choo cha shule. Ni wa kusaidia bajeti.

Kwanza serikali na benki hukubaliana orodha ya hatua: sheria ipitishwe, kanuni zichapishwe kwenye gazeti la serikali, ununuzi uhamie mtandaoni. Hatua hizo hukamilika kabla bodi ya benki haijaidhinisha mkopo, si baadaye. Kisha dola huingia Benki Kuu, na shilingi zake huwekwa kwenye akaunti ya serikali, zikichanganyika na kodi. Ndiyo maana huwezi kuifuata shilingi moja hadi kijijini.

Hukwama wapi? Mswada mmoja ukilala bungeni, fungu zima husubiri, na Hazina hukimbilia kukopa nchini kwa hati fungani zenye riba kali. Au sheria hupita, kanuni hazitungwi. Kwenye karatasi mageuzi yapo, mkulima hayaoni. Kama unatafuta pesa zinazofika mkononi mwa maskini, angalia mikopo ya miradi, mfano ile iliyofadhili TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini kule Tanzania.