Laptopu Imegoma Kuwaka: Maswali Yenu

Fundi, stima zilipotea usiku laptopu ikichaji. Ziliporudi, mashine ikawa kimya kabisa, hata taa haina. Imeungua? (Umoja)

Usiizike bado. Stima zikirudi kwa kishindo, mara nyingi chaja ndiyo huumia kwanza. Badilisha soketi, kisha azima chaja yenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye yako (nyingi ni 19 au 19.5) na wati zisizopungua za yako. Ikigoma, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, halafu shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani huisha, na bodi (ubao mkuu wa saketi) iliyojifunga inaweza kuamka. Sasa chomeka chaja peke yake ujaribu. Haya yote ni bure, kwa hiyo yafanye kabla ya kukubali bei ya bodi mpya.

Feni inazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi tititi. Nimeambiwa ninunue skrini. (Mwanafunzi, Kahawa Wendani)

Pesa zako zikae mfukoni kwanza. Mulika skrini kwa tochi ya simu, ukiinamisha mwanga kutoka pembeni. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo, ila taa ya nyuma ya skrini haiwaki. Usipoona kitu, unganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, kosa ni la skrini au la waya wake, ule unaopita kwenye bawaba na kuchoka kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku. Waya ni wa bei rahisi kuliko skrini, basi aliyekushauri aukague kwanza.

Kwenye televisheni nako giza? Shuku ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda. Betri ikiwa imetolewa, ramu ichomolewe, meno yake ya rangi ya dhahabu yasuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha irudishwe hadi ilie “tak”. Kama ni mbili, jaribu moja moja. Na mashine ikipiga milio, hesabu: kila kampuni ina mpangilio wake, na huo humwambia fundi pa kuanzia.

Nilinunua ya mtumba Luthuli. Sasa inawaka, halafu inaandika kwamba haioni diski ya kuanzia. (Kayole)

Kuna flashi umeisahau imechomekwa? Itoe. Kisha ingia bayosi, yaani menyu ya mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows (kitufe cha F2 kwa nyingi, F10 kwa HP), uangalie kama diski imeorodheshwa. Ikiwepo, huenda ni Windows iliyoharibika. Isipokuwepo, diski imelegea au imekufa. Mtu asikupigie Windows mpya kabla ya kuokoa picha na kazi zako. Hapo ndipo watu wengi hulia.

Chai ya maziwa imemwagikia kibodi. Niizike kwenye mchele? (South B)

Mchele upike. Zima mara moja, chomoa chaja, toa betri, pindua laptopu kibodi itazame chini, uipeleke ifunguliwe leo. Maji hukauka, lakini sukari hubaki na kuendelea kula bodi. Bodi huoshwa kwa spiriti ya isopropili. Usiiwashe “kujaribu tu”.

Betri imevimba hadi kibodi imeinuka, ila laptopu bado inawaka. Niendelee kuitumia? (Rongai)

Hapana. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Fundi aitoe betri hiyo, na isitupwe kwenye pipa la taka za nyumbani.