Mshipa upi? Ateri, vena, neva na kano

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa diploma ya uuguzi hapa Dodoma. Vitabu vyetu vyote vya anatomia na biolojia ni vya Kiingereza, kwa hiyo usiku nikipiga msuli huwa najiandikia muhtasari wa Kiswahili ili mambo yaniingie. Kuna sehemu nakwama. Kitabu kina majina manne tofauti, na mimi kila mara naishia kuandika "mshipa". Kwa mfano niliandika: "Mshipa wa damu chafu unatoka moyoni kwenda mapafuni." Ninayekaa naye chumba kimoja anasema hapo nimechemka, kwamba mshipa wa damu chafu ni vena, na vena haitoki moyoni. Anasema tena nisijisumbue, Kiswahili hakina maneno ya anatomia. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Maneno yapo: ateri, vena, kapilari, neva, kano, msuli. Akikuambia hayo ni ya kuazima, mwambie Kiingereza nacho kiliyaazima, kutoka Kilatini, Kigiriki na Kifaransa. Orodha ya kimataifa ya majina ya sehemu za mwili, Terminologia Anatomica ya mwaka 1998, msingi wake ni Kilatini. Na ukipata nafasi maktabani, ulizia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1990. Wewe hujazaliwa peke yako katika shida hii.

Sasa mshipa. Hili ni neno la mtu anayetazama mwili kwa nje, au anayechuna mbuzi. Chochote kirefu na chembamba kinachopita ndani ya nyama kama uzi ni mshipa. Kinachobeba damu ni mshipa. Kinachopeleka habari kwenye ubongo ni mshipa. Hata kile kigumu kinachokugomea menoni ukila nyama ya mguu wa ng'ombe, wengi wetu tutasema nyama hii ina mishipa. Neno linataja umbo, kazi halikuitazama. Umbo linatosha buchani. Kwenye chumba cha upasuaji halitoshi.

Usidhani huo ni umaskini wa Waswahili. Wagiriki wa kale, ambao maneno yao ndiyo yamejaa kwenye kitabu chako, walianzia hapohapo. Neno lao neuron, lililozaa neva, kwanza lilikuwa kano, na pia uzi wa upinde. Herophilos, tabibu wa Alexandria aliyeishi karibu miaka 300 kabla ya Kristo, ndiye anayekumbukwa kwa kuitenga neva na kano, na kwa kuona kwamba ukuta wa ateri ni mnene kuliko wa vena. Mabaki ya mchanganyiko ule bado unayo mkononi: utakuta kitabuni neno aponeurosi. Lina "neuro" katikati, wanafunzi wanakimbilia neva, kumbe ni utando mpana wa jamii ya kano. Ateri nayo waliidhania hewa, kwa kuwa katika maiti waliikuta tupu. Ndiyo maana hata koromeo la hewa liliitwa ateri, "ateri yenye kukwaruza", na hilo neno la kukwaruza ndilo lililobaki likawa trakea. Kwamba ateri zina damu, tabibu mwingine wa Kigiriki, Galen, alilionyesha katika karne ya 2 baada ya Kristo. Kwamba damu hiyohiyo inazunguka na kurudi moyoni, dunia ilisubiri kitabu cha tabibu Mwingereza, William Harvey, cha mwaka 1628. Kwa hiyo usione haya kuchanganya. Tofauti ni kwamba wewe una mtihani.

Katika muhtasari wako, andika hivi. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni. Vena ni mshipa unaorudisha damu moyoni (utakutana pia na "veini", shika moja usitangetange). Kapilari ni vile vijishipa vidogo mno vinavyounganisha hizo mbili. Neva ni mshipa wa fahamu. Kano hufunga msuli kwenye mfupa. Ishike ile ya nyuma ya kisigino uione ilivyo ngumu. Ateri, vena, neva na kano zote ziko katika ngeli ya i-/zi-: ateri imeziba, neva zimebanwa. Ukiandika "maneva" nitakusahihisha kwa wino mwekundu. "Mshipa wa neva" pia uache, neva yenyewe ni mshipa tayari. Na "mshipa wa hisia", ambao naukuta kwenye madesa ya wanafunzi, ni nusu ya ukweli, kwa sababu neva nyingi hazileti hisia peke yake. Zinapeleka amri kwa misuli pia. "Fahamu" inabeba yote mawili, ibaki.

Hayo ni ya daftarini. Wodini mambo yanageuka, na huko neno mshipa ni zuri kuliko ateri, ila lataka kuvalishwa. Sikiliza wauguzi waliokutangulia. Wakisema "natafuta mshipa" huku wamemfunga mtu mpira mkononi, ni vena, hakuna anayeuliza. Wakisema "sindano ya mshipa" ni vena tena, tofauti na sindano ya nyama. Lakini wakiweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba na kuhesabu, huo ni mshipa unaodunda, na mshipa unaodunda vile ni ateri. Hapa ndipo ninapoipenda lugha yetu: alichokitenga Herophilos kwa kisu, sisi tunakitenga kwa kitenzi. Mshipa unatundikiwa dripu, mshipa unadunda, mshipa unavuta. Anayekuambia "mshipa unanivuta kutoka kiunoni mpaka unyayoni" amekuchorea njia ya neva iliyo nene kuliko zote mwilini, bila kufungua ukurasa.

Usipouvalisha ndipo balaa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikimuuguza mjomba wangu, amelazwa kwa maumivu ya mgongo. Akaja kijana mmoja wa mafunzo, mwenye adabu zake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu, majibu yametoka. Tatizo lako ni mshipa."

Mzee akavuta shuka mpaka kifuani, akanitazama, akamtazama yule kijana.

"Mshipa? Mimi sina mshipa, mwanangu. Alikuwa nao marehemu kaka yangu, akapasuliwa. Mimi ni mgongo."

Kijana alikusudia neva iliyobanwa kwenye pingili za uti wa mgongo. Mzee wa pwani alisikia busha. Kwa watu wengi wa umri wake, mshipa ukisimama peke yake, mbele ya mwanamume, ni ugonjwa wa sehemu za siri: busha, au ngiri, ambayo wengine huiita hasa mshipa wa ngiri. Ilinichukua nusu saa kumtuliza, na mpaka anaruhusiwa alikuwa bado anamkagua yule kijana kwa jicho la pembeni. Neno moja zaidi, "mshipa wa fahamu wa mgongoni", lingemaliza kazi. Basi kanuni yangu kwa mgonjwa ni hiyo: usimwachie mshipa uchi. Mpe wa damu, au wa fahamu, au wa mahali fulani.

Turudi kwenye sentensi yako. Mwenzako amekosea, nawe umemsaidia kukosea, kwa hilo neno "damu chafu". Wengi tumefundishwa hivyo tangu shule: ateri damu safi, vena damu chafu. Kanuni hiyo inafaa mwili karibu wote, halafu inakuangusha kwenye mapafu. Damu inayotoka upande wa kulia wa moyo kwenda mapafuni imeishiwa oksijeni, na inapita kwenye ateri, kwa sababu inatoka moyoni. Inayorudi kutoka mapafuni imejaa oksijeni, na inapita kwenye vena, kwa kawaida nne, kwa sababu inarudi. Kwenye kitovu cha mtoto tumboni ni vivyo hivyo: ateri mbili zinatoa damu kwa mtoto kwenda kwenye kondo, vena moja inamletea iliyo na oksijeni. Kinachoamua jina ni safari; usafi haumo.

Isitoshe, "damu chafu" mtaani ina kazi nyingine kabisa. Mtu akitoka majipu au vipele, anaambiwa ana damu chafu, na dawa za kuisafisha zinauzwa mpaka kwenye daladala. Ukimwambia mgonjwa kwamba moyo wake unapeleka damu chafu mapafuni, utakuwa umemtisha bure, au umempeleka kwa muuza dawa. Andika "damu yenye oksijeni kidogo". Ni ndefu, najua.

Kuna jambo dogo hukuuliza lakini litakukuta wiki ijayo, mkifika kwenye viungo. "Mkono" wetu unaanzia begani unaishia vidoleni, na kitabu chako kinaukata vipande. Usitafute neno moja la kushindana nalo. Taja kipande: kiwiko, kigasha, kifundo, kiganja. Mguu vilevile: paja, goti, muundi, kisigino, unyayo. Kigasha na muundi ndugu zako wa mjini huenda wasivijue, basi waonyeshe kwa kidole.

Sentensi yako, basi, nimeiandika upya. Ya daftarini: "Ateri ya mapafu hutoa damu yenye oksijeni kidogo moyoni na kuipeleka mapafuni." Ya kumwambia mgonjwa: "Huu ni mshipa mkubwa wa damu, unatoka kwenye moyo unakwenda kwenye mapafu, damu ikifika huko inachukua hewa." Na huyo wa chumbani mwonyeshe zote mbili, halafu muulize vena za mapafu zinabeba damu gani.