Watu Wanaona, Mwanangu

Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Temeke hatujambo, baba yako anakusalimu.

Swali lako nimelala nalo: "Mama, nchi inayopiga kura inafikaje mahali pa kushindwa kumwondoa mtu iliyemchagua yenyewe? Kwani watu hawaoni?"

Udikteta wa vifaru barabarani kila mtu anautambua. Mimi naogopa ule unaopita bungeni mchana kweupe, wenye kifungu na sahihi. Ujerumani, Machi 1933, wabunge 444 walipiga kura ya kulipa baraza la mawaziri la Hitler uwezo wa kutunga sheria bila Bunge. Waliokataa walikuwa 94, na wakomunisti hawakuwamo ukumbini; walikuwa wamekamatwa au wamejificha.

Lakini mfano unaonikaa moyoni ni wa jirani zetu Kenya. Juni 1982 Bunge lao liliingiza kifungu cha 2A kwenye Katiba, chama kikabaki kimoja kwa sheria. Hicho ndicho wengi wanakikumbuka. Kwangu mimi mazito yalikuja baadaye, tena kimyakimya. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa kinga ya kutofukuzwa kazi ovyo. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji. Nimekuwa karani wa mahakama, najua maana yake. Jaji ana ada za shule za kulipa, na mezani ana jalada la kesi dhidi ya serikali. Hapo hahitaji kupigiwa simu na mtu yeyote.

Mwaka huohuo wa 1988, chama hicho kimoja, KANU, kilichuja wagombea wake kwa mlolongo: wapiga kura wanajipanga hadharani nyuma ya wakala wa mgombea wao, na anayevuka asilimia 70 anapita moja kwa moja. Yakazuka malalamiko mengi kwamba wenye foleni fupi walitangazwa washindi. Uwanja mzima umeona kwa macho yake! Sasa walalamike kwa nani? Kwa jaji yule anayeweza kuondolewa kesho asubuhi?

Hilo ndilo jibu langu. Watu wanaona, mwanangu. Kinachoondolewa ni mahali pa kupeleka walichokiona.

Kwa hiyo usisubiri uchaguzi ufutwe ndipo ushtuke. Hungaria uchaguzi haukufutwa. Mwaka 2010 chama cha Viktor Orbán, aliyekuja kuwa waziri mkuu, kilipata takriban asilimia 53 ya kura, na kwa mfumo wao zikatosha kukipa theluthi mbili ya viti, yaani uwezo wa kuandika Katiba mpya. Kisha umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 62. Ukiisoma haraka unadhani ni habari ya pensheni tu, ilhali majaji zaidi ya 200 waliguswa kwa mpigo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema ni kinyume cha sheria, lakini viti vingi vilikuwa vimeshapata watu wengine.

Nasi tusijione mbali. Tulikuwa na chama kimoja kisheria toka 1965 hadi 1992, na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilimruhusu rais kumfungia mtu bila kesi. Tume ya Jaji Nyalali, iliyopewa kazi ya kuuliza wananchi kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi, ilipokusanya maoni, takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na ikataja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Naiheshimu sana kwa hilo, maana wale wachache nao walikuwa wananchi.

Uliuliza pia kama kuna waliowahi kuzuia. Malawi wapo. Februari 2020 majaji watano walifuta uchaguzi wa rais wa mwaka 2019, wakiingia mahakamani wamevaa fulana za kuzuia risasi. Juni, siku chache kabla ya kura kurudiwa, serikali ikataka Jaji Mkuu aende likizo ya kustaafu mara moja. Mawakili wakaingia barabarani kuandamana, na Mahakama Kuu ikaizuia amri hiyo. Kura ikapigwa, upinzani ukashinda.

Wale mawakili hawakungoja siku ya kura. Waliandamana kwa ajili ya ajira ya jaji mmoja, kwa sababu walijua baada yake malalamiko yao yangekosa pa kwenda.

Mama yako