Fundi wa Ngamiani Anajibu: Kichwa cha Roboti Kiko Wapi?

Barua za mwezi huu zimeniangukia kwenye ugonjwa wangu wa zamani. Wanaonijua wanajua natengeneza saa, redio na feni hapa Ngamiani, ila droo ya chini ya meza yangu imejaa miguu na mikono ya roboti za Transformers, vile vichezeo vinavyogeuka kutoka gari kuwa mtu wa chuma. Nitaanza na mwalimu, na asiyependa roboti anivumilie.

*Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Pangani. Nilinunua boksi la vichezeo vya mtumba hapo Tanga mjini kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza. Ndani nimekuta ambulansi nyeupe inayogeuka roboti. Nimeigeuza kila namna. Mikono naipata, miguu naipata, kichwa hakuna. Mahali pake pana kiti kidogo kilichobandikwa stika yenye sura. Mdogo wangu kaitafuta katuni yake kwenye simu, na humo roboti huyo ana kichwa kamili. Tena chini pameandikwa Japani, na yeye anashikilia kuwa ni kitu cha Wamarekani. Je, nimeuziwa kibovu?*

Marahaba, mwalimu. Hujauziwa kibovu. Kichwa hakijapotea kwa sababu hakikuwepo tangu kiwandani. Aliyepotea ni dereva.

Irudishe kwanza iwe gari, uitazame vizuri. Ni Nissan Vanette, Vaneti ile ile tuliyokuwa tukibanana ndani yake mpaka goti la mwenzio linakuwa meza yako. Kampuni ya Takara ya Japani ilianza mwaka 1980 kuuza vichezeo ilivyoviita Diaclone, na mwaka 1982 ikaingiza magari halisi ya barabarani yanayogeuka roboti. Katika hadithi ya Kijapani roboti wale hawakuwa na uhai. Walikuwa mitambo, kama winchi ya bandarini kwetu, na winchi haisogei bila mtu kupanda juu. Kwa hiyo ndani ya boksi alikuwemo mtu wa plastiki, kimo chake kama sentimita tatu, na chini ya nyayo zake mna sumaku ili asimame kwenye bati asianguke. Ambulansi yako ikisimama kuwa roboti, mtu huyo anakaa kwenye kile kiti ulichokiona, kioo kikiwa kimefunguka, anatazama mbele. Yeye ndiye kichwa! Kutafuta kichwa kingine ni sawa na kutafuta kichwa cha ngamia juu ya nundu wakati aliyepanda yupo.

Sasa njoo upande wa mdogo wako, ambaye naye hakosei. Mwaka 1983 watu wa Hasbro, kampuni ya vichezeo ya Marekani, waliviona vitu hivi kwenye maonyesho ya vichezeo Tokyo. Takara wenyewe walishajaribu kuviuza Marekani kwa majina ya Diakron na Kronoform, visitikise soko. Hasbro wakachukua leseni, wakaviita Transformers, na hawakuchukua ukoo mmoja. Walichukua Diaclone, wakachanganya na ukoo mwingine wa Takara uitwao Micro Change, ambao roboti zake zilikuwa ndogo kwelikweli na zilijificha kama vitu vya nyumbani vya saizi yake: redio ya kaseti, hadubini, bastola. Mnaoniuliza kila siku inakuwaje Megatron, mkuu wa roboti wabaya, jitu refu kama nyumba, akigeuka bastola anaenea kiganjani mwa mwenzake, jibu ndilo hilo. Aliolewa kutoka ukoo wa vitu vidogo akahamia kwenye nyumba ya malori.

Kisha wakafanya jambo moja ambalo mimi nalihesabu kuwa ndiyo biashara yote. Walimtoa dereva. Wakasema roboti ni mtu mwenyewe, ana roho, ana hasira, ana upande. Umbo la plastiki karibu lote wakaliacha vilevile, na kiti kikabaki. Ndiyo maana ukifungua milango ya magari mengi ya miaka ile unakuta viti vitupu, vidogo, vimechongwa kwa ustadi, havina wa kukaa. Katuni haikuona shida, mchoraji akampa roboti wenu wa ambulansi, ambaye humo ni daktari, kichwa kwa kalamu. Kichezeo hakichorwi, wakabandika stika.

Hapa nitamtaja marehemu mama, maana yeye ndiye aliyenifundisha jambo hili bila kujua. Alikuwa akiuza kanga barazani kwetu. Kanga zenyewe zilichapwa huko na huko, Uingereza, Uholanzi, Japani, India, na wachapaji wengi hawakujua hata neno moja la Kiswahili. Doti ikifika, mteja anaangalia pindo, anaangalia mji, halafu anainama kusoma jina. Jina likimgusa, au likimgusa jirani anayetaka kumpelekea, analipa. Jina likiwa baridi, kanga inakaa kabatini mpaka panya waisome. Nimeona kwa macho yangu kanga mbili za mji mmoja na rangi moja, moja imekwisha asubuhi, nyingine haikuondoka mwaka mzima. Tofauti ni maneno matano.

Hasbro walinunua kanga isiyo na jina. Wakaenda Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni. Jim Shooter akaandika kisa cha mwanzo, Denny O'Neil akatoa jina la Optimus Prime, mkubwa wa roboti wema, na mwishoni mwa 1983 mhariri aitwaye Bob Budiansky akapewa mzigo uliobaki: akae, awape majina na tabia karibu wote. Megatron, jina lake hilo, Hasbro mwanzoni walilikataa wakisema linatisha mno. Akawajibu kwamba huyo ndiye adui mkuu, asipotisha yeye atatisha nani? Likapita. Na wa kwako, mwalimu, kamwita Ratchet. Mafundi gereji mnacheka hapo, maana hiyo ni racheti, ile spana inayolia krrr ukirudisha mkono. Daktari wa mashine kapewa jina la spana. Mtu aliyefikiri hivyo alijua kazi yake.

Nyuma ya boksi palikuwa na kadi ya kila roboti: nguvu yake, akili yake, mbio zake, yote kwa mchoro uliofichwa ndani ya wekundu ambao huusomi mpaka uweke juu yake kipande cha plastiki nyekundu kilichokuja nacho. Na juu kabisa, kila mmoja na msemo wake. Wa Optimus Prime ulisema kwamba uhuru ni haki ya kila kiumbe mwenye akili. Ungemletea mama maneno hayo kwenye doti kuelekea tarehe 9 Desemba, angekwambia ongeza mzigo.

Kuhusu maandishi ya chini. Ni muhuri wa Takara, na mara nyingi una miaka miwili. Ukiona 1980 na mwingine wa mbele yake, mzee wake ni Diaclone. Ukiona 1974, mzee wake ni Microman, waliomzaa Micro Change. Na hapo pana utamu mwingine. Microman alitokana na sanamu za Takara za saiborgi, yaani mtu nusu mashine, za mwaka 1972, na hizo zilitokana na mwili wa G.I. Joe, mwanasesere askari ambaye Takara walikuwa wamemkodi kutoka Marekani. Aliyemtoa G.I. Joe mwaka 1964 ni nani? Hasbro. Kwa hiyo waliposhuka Tokyo kununua, sehemu ya walichonunua ilikuwa mjukuu wao. Mwaka 1985 Takara nao wakavirudisha Japani vikiwa na hadithi ya Kimarekani, ila jina la mkubwa, Optimus Prime, wakalirejesha kwenye la asili, wakamwita Convoy. Waja leo waondoka leo, kama wanavyosema kuhusu mji wetu.

*Fundi, mimi ni mama wa watoto wawili, Makorora. Wana roboti mwenye kirusha kombora begani. Ukibonyeza, kombora linadondoka miguuni kama embe bovu. Springi imekufa? Naomba uniwekee mpya yenye nguvu.*

Sikuwekei, mama, na ukienda kwa fundi mwingine mkatalie. Kama ni wa miaka ile ya Hasbro, springi haikufa. Ilizaliwa hivyo. Vile vya Japani vilirusha hasa, lakini vya kwenda Marekani vililegezwa springi kwa usalama wa watoto. Wangapi wameniletea wakidhani ni uzee!

Mimi mwenyewe niliingia mkenge huo. Nilikuwa kijana, mjomba wangu baharia ameniletea moja kutoka safarini, nikaona aibu kombora kuanguka mbele ya wenzangu. Nikafungua skrubu ya bega, nikatoa springi, nikaweka ya kalamu ya wino niliyoikata nusu. Jaribio la kwanza likampata binti wa jirani juu ya nyusi. Alama anayo hadi leo, ana wajukuu, na kila nikipita barazani kwake anaigusa kwa kidole bila kusema kitu.

Kagua tu kama kuna mchanga kwenye tundu. Huwa upo.

*Mzee wangu, shikamoo. Nachonga majahazi ya mbao huku Bagamoyo, tanga la kitambaa linapanda na kushuka, usukani unazunguka. Kuna mfanyabiashara anataka kuyapeleka Ulaya. Anasema jina jahazi halitauzika, anataka liwe meli ya maharamia, bendera nyeusi yenye fuvu, na niweke mizinga ubavuni. Nimeudhika. Lakini pesa nzuri. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Kuudhika ni haki yako, mimi pia nimesoma nikasonya. Jahazi kuwa la maharamia! Hata hivyo sikushauri umfukuze kabla hujamsikiliza, maana huenda analijua soko lake kama mama alivyoijua baraza yake. Takara hawakukataa dereva wao atolewe.

Angalia na upande wa pili. Wakati uleule kampuni nyingine ya Marekani, Tonka, ilichukua roboti za Bandai, nazo za Japani, nazo zinageuka, ikaziita GoBots. Ziliingia madukani mapema na ziliuzika. Lakini adui wao mkuu, anayegeuka pikipiki, walimwita Cy-Kill, mchezo wa maneno tu wa Kiingereza, "cycle" ya pikipiki na "kill" ya kuua, na tabia zao zilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Leo watoto wanaokuja kibandani kwangu wanamjua Optimus Prime kabla ya kumjua babu yao, na GoBots sijaulizwa hata mara moja. Tonka yenyewe ikaja kununuliwa na Hasbro mwaka 1991. Kwa hiyo kama mtu wako anataka kubadili jina, muulize: nahodha ni nani? Wanatoka wapi, wanabeba nini, wanamwogopa nani? Akikujibu "maharamia tu", huyo hana jina la kanga, ana fuvu. Mwambie wewe unazo habari za msimu wa kaskazi na kusi, za karafuu na mikoko, za jini wa pangoni, umuuzie na hizo kwa bei yake.

Mizinga ikatae. Sababu yangu si ya adabu, ni ya ufundi: jahazi la ukubwa unaoniambia likiwekewa mizinga sita upande mmoja litalala majini, na najua watoto wataliweka majini.

Halafu chukua patasi yako ndogo kabisa, pindua chombo, na chini ya mkuku uchonge jina lako, Bagamoyo, na mwaka. Chonga kwenye mbao yenyewe, usibandike wala usiandike kwa rangi, ndani ya mkataba pia paandikwe kwamba hapafutwi. Wale Wajapani waliovibuni vile vichezeo, kina Kojin Ohno, miaka mingi hakuna mtoto wa Marekani aliyewajua, lakini muhuri wa kampuni yao ulikuwa pale chini siku zote, ndiyo maana mwalimu wa Pangani kauliza swali lake.

Mwalimu, nimekusahau jambo. Hiyo ambulansi ikigeuka, nusu ya nyuma hujitenga ikawa kitu cha kusimamia chenye kirusha makombora. Kama ipo kwenye boksi usiitupe ukidhani ni takataka. Mimi ninaye dereva mmoja wa ziada kwenye droo, sumaku ya mguu wa kushoto imetoka lakini kukaa anakaa. Ukija mjini pitia umjaribu.