R36S ya shilingi 130,000: nikague nini kabla ya kulipa?

Swali

Habari za kazi, fundi. Nipo Ngamiani, Tanga. Kuna duka linauza kifaa cha gemu cha mkononi kinaitwa R36S kwa shilingi 130,000, kina kadi ya GB 64, na muuzaji anasema ndani mna gemu 15,000. Mimi nataka Contra na zile nyingine za kaseti tulizokuwa tunachomeka kwenye TV, pamoja na za PlayStation ya kwanza, hasa Tekken 3 na Winning Eleven. Mdogo wangu anadai kinacheza mpaka za PSP. Kinachonitia wasiwasi ni cha jirani: alipobadilisha kadi, kioo kikawa cheusi tii ingawa sauti inasikika, na chaji ya simu yake mpya haikichaji. Ninunue au niachane nacho?

Jibu

Nzuri, ndugu yangu. Kwa gemu ulizotaja kinatosha kabisa. Kasoro ya R36S haiko kwenye nguvu. Jina hilo limebandikwa kwenye vifaa vyenye bodi na vioo tofauti, na kadi inayokuja nayo ni ya kutilia shaka tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kagua kile kile utakachoondoka nacho, usikubali ujaribu cha maonyesho kisha ufungiwe kingine kwenye boksi.

Hiyo 15,000 isikuzuzue. Gemu za kaseti ni ndogo mno: kubwa kabisa ya Super Nintendo ina MB 6, ya Game Boy Advance MB 32. Ukizimwaga kwenye kadi pamoja na matoleo ya Kijapani na zilizorudiwa kwa majina mengine, hesabu inapanda bila kazi. Zinazokula nafasi ni za PlayStation, kwa sababu zilitoka kwenye CD, na diski moja inaweza kufika MB 650 hivi. Ukizibana kuwa faili za CHD nyingi hupungua, kwa hiyo GB 64 inabeba za kutosha kukuchosha. Ujue pia kwamba gemu hizo zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Muuzaji anayejigamba kwa 15,000 hajalipia hata moja.

R36S halisi ina chipu ya RK3326, yenye viini vinne vya Cortex-A35, RAM ya GB 1 na kioo cha inchi 3.5 chenye pikseli 640 kwa 480. Ukubwa huo wa kioo una maana. Gemu nyingi za PlayStation zilichorwa kwa pikseli 320 kwa 240, kwa hiyo kila pikseli inakuzwa mara mbili kamili na picha inabaki kali. Game Boy ya kawaida, 160 kwa 144, inakuzwa mara tatu na kuacha ukingo mweusi kidogo. Game Boy Advance ndiyo haikai vizuri: 240 kwa 160 haigawanyiki sawasawa kwenye 640, ama uache ukingo mpana au ukubali maandishi yenye kingo zisizolingana. Anayependa hizo tu aangalie kifaa kingine, RG34XX cha kampuni ya Anbernic, kioo chake ni 720 kwa 480, mara tatu barabara.

Mdogo wako ana nusu ya ukweli. PSP nyepesi zitacheza, ila God of War na nyingine nzito zitakwama, hata ukipekua mipangilio usiku kucha. Nintendo 64 nayo ni bahati nasibu. Chipu ya Allwinner H700 iliyo kwenye RG35XX Plus na RG35XX H za Anbernic inasogea mbele kiasi, lakini PSP nzito inaitesa pia. Akitaka hizo, afadhali atumie simu nzuri na padi ya bluetooth.

Sasa dukani. Omba dakika kumi na tano, na muuzaji akikataa, mwachie mzigo wake.

Anza na kioo kabla ya gemu. Tafuta picha nyeupe na nyeusi, inamisha kifaa pande zote, uangalie nukta zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni. Kisha fungua Contra. Hiyo ndiyo kipimo changu cha kitufe cha mwelekeo, kwa sababu mle ndani kulenga juu kwa mshazari ni amri tofauti na kulenga mbele. Shikilia kulia tu, halafu yumbisha kidole gumba polepole juu na chini bila kukiondoa. Askari akianza kupiga mshazari wakati hukukusudia, mpira wa chini ya kitufe umekaa vibaya au ni laini mno. Ubovu huo hauishi kwa mazoea, utakukera kila siku. Baada ya hapo bonyeza kitufe kimoja kimoja, vile vya mabegani ukivibonyeza pembeni na katikati, na ziachie fimbo mbili za duara uone kama menyu inajiendea yenyewe.

Fuata Tekken 3. Pigana raundi mbili na usikilize kuliko kutazama: kifaa kikizidiwa, sauti huanza kukwaruza kabla jicho halijaona picha ikichelewa. Kama ndani mna ArkOS (mfumo endeshi unaotumika sana kwenye vifaa hivi), bonyeza Select na X pamoja upate menyu, uwashe kionyeshi cha fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Toleo la Marekani au Japani linapaswa kukaa karibu na 60. Ukiona 50 iliyotulia, usikimbilie kukilaumu kifaa. Hilo ni toleo la Ulaya, lililotengenezwa kwa TV za 50Hz, na kwenye kioo cha 60Hz linaonekana kurukaruka. Tafuta toleo la Marekani la gemu hiyo hiyo.

Malizia kwa kuzima kupitia menyu, kuwasha tena, kuchomeka hedifoni na kuchaji dakika chache. Pitisha kidole mgongoni: mfuniko ulioinuka maana yake betri imevimba, hapo hakuna mjadala wa punguzo.

Cha jirani yako nadhani hakijafa. Kioo cheusi chenye sauti ni dalili kwamba kifaa kimewaka, ila mfumo haujui kioo gani kimefungwa. R36S zimetoka na vioo vya aina kadhaa, na kila aina ina faili yake ya .dtb kwenye sehemu ya BOOT ya kadi. Ukiandika ArkOS mpya bila kurudisha faili hiyo, unaweza kupata giza. Arudishe kadi ya zamani. Ikiwaka, anakili faili zote zenye mwisho wa .dtb kutoka BOOT ya zamani kwenda BOOT ya mpya. Isipokubali, huenda chake ni mwigo wenye bodi nyingine usiopokea ArkOS ya kawaida, na mfumo wake pekee ni ule uliokuja nao. Ndiyo maana kadi ya kiwandani haitupwi hata ikiwa mbovu.

Wewe fanya hivi siku ile ile ya kununua, kabla hujacheza. Zima kifaa, toa kadi iliyo kwenye tundu la TF1, ndiyo yenye mfumo, ichomeke kwenye kompyuta. Windows itakuambia diski inahitaji kufomatiwa, pengine mara mbili tatu. Bonyeza kughairi kila inapouliza, kwa sababu sehemu ile ni ya Linux na Windows haiisomi. Wengi huua vifaa vyao kwenye swali hilo. Tumia programu ya Win32 Disk Imager kusoma kadi nzima iwe faili moja ya .img, uihifadhi, na kando yake nakili zile .dtb. Kisha nunua kadi mpya ya SanDisk au Samsung kwa muuzaji unayeweza kumrudia, uipime kwa programu ya H2testw, ndipo uandike ile .img ndani yake. Kadi feki hujitangaza GB 64 huku ndani ikiwa na 8, nawe hutajua mpaka gemu ulizonakili zianze kugoma. Ikiwa inaandika MB 20 kwa sekunde, kuijaza kunachukua karibu saa moja, na kusoma tena kunaongeza muda. Iache ifanye kazi. Usishtuke kompyuta ikisoma GB 59 na kitu, hiyo ni 64 ile ile kwa hesabu ya Windows. Ila kadi ikiwa ndogo kuliko ya zamani hata kwa MB chache, .img haitaingia.

Ndani ya gemu, ukihifadhi kwenye menyu ya gemu yenyewe, toka kwanza kwa Select na Start ndipo uzime. Faili huandikwa kwenye kadi unapotoka, hivyo ukikata umeme ghafla ligi yako ya Winning Eleven imekwenda na maji.

Betri: mAh 3,000 kwa volti 3.7 ni Wh 11 hivi. Gemu hizi zikila wati 2 hadi 2.5, utapata kati ya saa nne na nusu na tano na nusu, safari ya basi mpaka Dar inakaribia kuisha nayo. Kwa wanaokaa Raskazone na pwani nyingine, chumvi ya hewani ndiyo inayokula miguu ya kadi na tundu la chaji. Kihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko na vipakiti vya silika, na kadi ikianza kusomwa kwa kubahatisha futa miguu yake kwa spiriti ya mafundi (isopropyl) ya asilimia 99, si ya hospitali yenye maji.

Na chaji ya jirani haina ubaya. Kichwa kipya chenye tundu la USB-C hakitoi umeme mpaka kione kizuizi cha kilo-ohm 5.1 upande wa kifaa, na vifaa vingi vya bei hii vimenyimwa vizuizi hivyo. Atumie kichwa cha zamani chenye tundu pana la USB-A, volti 5 na ampea 2, na waya wa A kwenda C, achomeke kwenye tundu lililoandikwa DC. Lile la OTG ni la padi na flashi.